Mizani Haisogei, Suruali Inapwaya

"Kocha, mwezi wa tatu huu nakuja hapa na kilo ni zile zile. Hela yangu inaenda wapi?"

Swali hili tunaulizwa sana hapa kwenye ukumbi wetu wa mazoezi, na mara nyingi anayeuliza ameshika suruali kwa mkono mmoja isimshuke. Kilo zake kweli hazijabadilika. Mwili ndio umebadilika: mafuta yamepungua, misuli imeongezeka, na mizani, ambayo haijui zaidi ya kujumlisha, imetoa jumla ile ile.

Tupige hesabu. Chukua mtu wa kilo 78 ambaye asilimia 30 ya uzito wake ni mafuta, yaani kilo 23 na ushee. Miezi mitatu anapiga chuma, anakula kwa mpangilio, analala vizuri. Mafuta yanapungua kilo 3. Misuli inaongezeka kilo 2. Kilo moja iliyobaki ni maji pamoja na glaikojeni, ile akiba ya sukari ambayo misuli hujiwekea kwa ajili ya kazi. Kila gramu moja ya akiba hiyo hushika maji gramu kama 3. Mizani inasoma 78 kama siku ya kwanza, lakini mafuta sasa ni asilimia 26. Huyu mtu amefanya kazi kubwa, na akiangalia mizani peke yake anaweza kukata tamaa na kuacha.

Hapo kuna jambo linalowachanganya wengi. Watu hudhani kwamba kama kilo hazipungui basi mtu anakula sawasawa na anachotumia. Siyo hivyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori zinazokaribia 7,700, wakati sehemu kubwa ya msuli, kama robo tatu yake, ni maji, kwa hiyo kilo yake ina nishati ndogo mno kulinganisha na hiyo. Mtu wetu wa kilo 78 amekuwa akila pungufu ya matumizi yake kwa wastani wa kalori 200 hivi kila siku. Hiyo ni soda moja ya chupa na nusu andazi. Siyo njaa ya kukutoa machozi.

Mnazijua zile picha za mitandaoni zinazoonyesha kipande kikubwa cha mafuta kando ya kipande kidogo cha nyama, eti vyote kilo moja? Zimetiwa chumvi. Kwa uzito ule ule, mafuta huchukua nafasi zaidi ya misuli kwa kama asilimia 15 hadi 18 tu. Ukibadilisha kilo 5 za mafuta kwa kilo 5 za misuli, mwili unapungua chini ya lita moja ya ujazo. Mabadiliko yanaonekana makubwa kwenye kioo kwa sababu ya mahali: mafuta yanatoka tumboni na ubavuni, kwenye zile nyama uzembe, na misuli inakaa mabegani, mgongoni na mapajani. Ndiyo maana shati linabana juu huku mkanda unahitaji tundu jipya.

Je, kila mtu anaweza kufanya yote mawili, kupunguza mafuta na kujenga misuli, kwa wakati mmoja? Hapana, na tunapenda kulisema hili kabla hujalipa. Anayefanikiwa kwa urahisi ni mgeni wa vyuma, au aliyewahi kufanya akaacha mwaka mzima akarudi, au mwenye mafuta ya kutosha ya kuchoma. Aliyenyanyua miaka mitano mfululizo na tumbo lake tayari limechanika kwa misuli atakwenda polepole mno. Huyo ni bora achague kwanza kujenga au kwanza kupunguza. Mwenye uzito mkubwa sana, mizani yake inatakiwa ishuke, tusidanganyane kwa maneno ya misuli. Na kijana mwembamba kama fito hana mafuta ya kubadilisha. Huyo ale.

Utafiti mmoja kutoka Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada, uliochapishwa mwaka 2016, unaonyesha jinsi mwili unavyoweza kuifanya kazi hii hata katika mazingira magumu. Vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi walipunguziwa chakula kwa asilimia 40 ya mahitaji yao, wakafanyishwa mazoezi makali siku 6 kwa wiki, kwa wiki 4. Nusu yao walikula protini gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, nusu nyingine gramu 2.4. Kundi la protini nyingi lilipoteza mafuta kilo 4.8 na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta (misuli, maji na kadhalika). Kundi lingine lilipoteza mafuta kilo 3.5 na kwa upande huo wa pili likabaki karibu pale pale. Sisi hatumpi mteja ratiba ya namna hiyo; wale walisimamiwa kwa karibu na ilikuwa mwezi mmoja tu. Tunachokichukua pale ni umuhimu wa protini katika jambo zima.

Na sahani zetu nyingi zina tatizo hapo hapo. Mlima wa wali au ugali, mchuzi, kijipande cha nyama cha kusindikizia, halafu soda. Mchana ukikosa muda ni chipsi zege. Kwa mtu mwenye afya njema anayenyanyua vyuma, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha. Kwa mtu wa kilo 78 hiyo ni kama gramu 125. Ukisikia namba hiyo unafikiria yale makopo ya unga wa protini, ambayo hapa mjini bei yake inaweza kulisha nyumba. Huyahitaji. Mayai matatu asubuhi yana gramu 18. Sahani ya maharage yaliyoiva, gramu 200, ina kama 17. Kipande kizuri cha kuku au samaki, gramu 150 baada ya kupikwa, kinakaribia 40. Glasi moja ya maziwa na moja ya mtindi, 16 kwa pamoja. Konzi ndogo ya dagaa wakavu inaongeza 15 au zaidi, na dagaa ndio chakula tunachokidharau kuliko vyote wakati hakuna nyama buchani inayokaribia protini yake, gramu kwa gramu. Ukijumlisha na kidogo kilichomo kwenye ugali na chapati, umefika. Kama unakula kwa mama ntilie, mwambie apunguze wali akuongezee maharage; hatakataa, na bei huwa haibadiliki. Mwenye matatizo ya figo aongee na daktari wake kabla ya kugusa mpango huu, na anayetumia dawa za kisukari au presha vilevile.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Kuchuchumaa na chuma begani, kunyanyua kutoka chini, kusukuma, kuvuta. Kila kundi la misuli liguswe angalau mara mbili kwa wiki, na uzito uwe unapanda: wiki hii umenyanyua kilo 30 mara nane, wiki ijayo tafuta mara tisa au kumi, ukizoea ongeza chuma. Msuli haukui kwa kutoa jasho, unakua kwa kudaiwa kazi kubwa kuliko ya jana. Kwa hiyo wale wanaojifunga nailoni tumboni na kukimbia juani wanapoteza maji, na maji hurudi kwenye glasi ya kwanza. Kukaa chini na kupiga matumbo mia mbili hakuchomi mafuta ya tumboni pia. Mwili ndio unaoamua mafuta yatoke wapi kwanza. Na dada zetu wanaoogopa vyuma wasije wakawa na vifua vya kiume, ondoeni hofu. Homoni inayofanya kazi hiyo kwa wanaume, kwa mwanamke iko kidogo sana.

Usingizi watu huuchukulia kama porojo za kocha. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa matokeo ya watu 10 wenye uzito uliozidi, waliolishwa chakula kilichopunguzwa kwa siku 14 wakipewa saa 8 na nusu za kulala, na siku 14 nyingine wakipewa saa 5 na nusu. Mara zote mbili walipungua karibu kilo 3. Lakini walipolala vya kutosha, kilo 1.4 kati ya hizo zilikuwa mafuta. Walipokatwa usingizi, mafuta yalikuwa kilo 0.6 tu na zilizobaki zilitoka kwenye mwili usio mafuta. Angalia: mizani ilisema kitu kimoja kwa hali mbili tofauti kabisa.

Sasa upime nini? Futi ya fundi cherehani ndiyo chombo chetu cha kwanza. Pima asubuhi kabla ya chai, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi kawaida, bila kulivuta tumbo ndani (tunaona mnapolivuta). Lengo zuri ni kiuno kisichofika nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 awe chini ya 85. Cha pili ni daftari la vyuma. Cha tatu ni picha, mahali pale pale, mwanga ule ule, mara moja kwa mwezi. Zile mizani za umeme zinazosoma asilimia ya mafuta hupitisha umeme kidogo mwilini na kukisia, na maji huzivuruga: ukija umekula pilau ya harusi jana, au umetoka kutoa jasho, au uko kwenye siku zako, namba inaruka. Ukiitumia, itumie saa ile ile kila mara na uangalie mwelekeo wa miezi.

Na siyo kila mizani iliyoganda ni habari njema. Kiuno kikiwa kile kile, vyuma vikiwa vile vile, na kilo zile zile kwa wiki sita, hakuna misuli iliyojificha popote. Hapo kitu hakijafanyika, na kwa tunavyoona hapa, mara nyingi ni chakula cha wikendi au mteja anayenyanyua uzito ule ule tangu alipojiunga. Tutakwambia hivyo uso kwa uso.

Kila mwanachama wetu mpya anapimwa siku ya kwanza na kupewa daftari lake, kisha anapimwa tena kila mwisho wa mwezi bila malipo ya ziada. Wanawake hupimwa na mwalimu wa kike, chumba kimefungwa. Wakati wa Ramadhani tunasogeza vipimo na mazoezi mazito baada ya futari, na tunaongea nawe kuhusu daku itakayokubeba. Kama tayari uko nasi na hujapimwa miezi miwili, daftari lako liko mapokezi. Njoo asubuhi, tumbo tupu, na usivae suruali ya mpira.