Hesabuni pumzi kwanza

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu kompyuta zinazofunzwa kumtambua mgonjwa mahututi atakayeshindwa kupumua, saa kadhaa kabla hajazidiwa. Sina ugomvi nazo. Nimeuguza miaka thelathini na mmoja, mingi yake hapa Lamu, na najua saa hizo zina thamani gani kisiwani. Kwenye hospitali kubwa mgonjwa akizidiwa husukumwa na kitanda chake hadi kwenye mashine ya kupumulia. Sisi tulikuwa na kumteremsha gatini, kumvusha kwa boti hadi Mokowe, bara, kisha barabara yote ile ya Mombasa. Wakati wa kusi boti huruka hata mtungi wa oksijeni ukabidi kubanwa kwa magoti.

Ila kompyuta hula inacholishwa, na sisi tumezoea kuandika uongo. Fungua faili za wadi utazame safu ya pumzi kwa dakika: 20, 20, 20, usiku kucha. Wagonjwa kumi na wanne wanapumua sawasawa kama askari wa gwaride! Hakuna aliyehesabu. Simnyooshei mtu kidole, maana hata mimi nimewahi kuiandika hiyo 20 nikiwa nimesimama mlangoni.

Usiku mmoja (hospitali sitaitaja) nilipokea zamu nikamkuta bibi aliyelazwa kwa nimonia. Karatasi yake ilisema pumzi 20, oksijeni ya damu asilimia 95. Alikuwa ametoka harusini kwa mjukuu wake, vidole vimepakwa piko nyeusi ti hadi kwenye kucha. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikawa kinapepesa vistari tu, hakisomi kwa ajili ya piko. Ile 95 ilitoka wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Nikamwuliza, "Waonaje, Bi?"

"Si... haba... mwanangu."

Maneno matatu, pumzi tatu. Nikakaa kando yake, nikamshika mkono kama ninayehesabu mshipa, kwa sababu mgonjwa akijua unamhesabu pumzi huzibadilisha. Nikahesabu dakika nzima: 34. Misuli ya shingo ilikuwa ikivuta kila pumzi, tundu za pua zikitanuka. Kile kipimo nikakihamishia kidole cha mguu, ambako piko haikufika, kikasoma 87.

Mwili unaoanza kukosa hewa hukimbilia kupumua upesi. Oksijeni ya damu inaweza kubaki nzuri kwa muda, kwa kuwa mgonjwa anahangaika kuishikilia. Ikishuka, mara nyingi keshachoka. Waingereza wamelizingatia hilo. Katika alama zao za tahadhari, walizozitoa 2012, mtu mzima mwenye pumzi 25 au zaidi kwa dakika hupewa alama 3, ambazo ndizo za juu kabisa kwa kipimo kimoja, na daktari huitwa haraka hata kama mengine yote ni mazuri. Bibi yule alikuwa na 34 na hakuna aliyeitwa.

Kuna na jambo la ngozi. Utafiti uliotolewa Marekani 2020 ulionyesha kwamba vipimo hivi vya kidoleni hupitwa na upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe: mashine inasema sawa, damu yenyewe inasema sivyo. Kompyuta iliyofunzwa kwa tarakimu hizo ikiletwa huku kwetu, nitataka kumwuliza anayeileta ilijifunza kwa vidole vya nani. Na kama imewahi kuona piko.

Bibi tulimvusha alfajiri maji yalipojaa, akapona. Mwaka uliopita niliona picha yake akiwa harusini tena, vidole vyeusi vile vile. Mvuvi aliyelazwa wiki mbili baada yake hatukumwahi. Karatasi yake nayo ilikuwa na 20 tano mfululizo.

Ombi langu ni dogo. Kuhesabu pumzi kunataka saa yenye mshale wa sekunde. Ya wadi ile ilisimama saa tisa na dakika kumi. Nikanunua betri kwa pesa zangu, ikaenda miezi michache, ikasimama tena. Nilipostaafu ilikuwa bado ukutani. Vijana sasa wangehesabu kwa simu, lakini mlangoni pamebandikwa tangazo kwamba simu haziruhusiwi wadini.

Muuguzi mstaafu,
Langoni, Lamu