Taa za wavuvi wa Mikindani

Mwanangu Somoe,

Usiku ule wa mwisho wa likizo, tulipokaa ufukweni kutazama karabai za wavuvi wa dagaa, uliniuliza: kama ulimwengu ulipokuwa mchanga ulijaa gesi ya haidrojeni, mwanga wa galaksi za kale ulipenyaje? Nilikujibu kwa mkato, usingizi umeshanishika. Swali lako lilistahili jibu bora.

Miaka kama 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, ulimwengu ulipoa kiasi kwamba kila protoni ikakamata elektroni. Gesi ikawa ukungu wa aina yake: atomu nzima ya haidrojeni humeza mionzi ya urujuanimno. Nyota zilipokuja kuwaka, mionzi yao hiyohiyo ikaanza kuzing'oa elektroni za atomu za jirani, na haidrojeni iliyong'olewa elektroni haiimezi tena.

Sasa zikumbuke zile karabai. Mwezi haukuwepo, kila chombo kina duara lake la mwanga, kati yake giza tupu. Galaksi nazo kila moja ilisafisha gesi iliyoizunguka, maduara yakatanuka, yakagusana, hata ulimwengu ulipotimiza kama miaka bilioni 1 ukungu ulikuwa umekwisha. Ila mfano wangu una kasoro, na najua ungeiona: karabai ikizimwa, giza hurudi papo hapo. Ukungu ule haukurudi. Ulimwengu ulikuwa umeshatanuka mno, gesi imekuwa nyepesi, na elektroni kukutana tena na protoni ikawa nadra.

Na haya yameonekana, mwanangu! Mwaka 2023 kundi la mtaalamu wa nyota Simon Lilly, kwa darubini ya angani ya James Webb, lilichunguza mwanga wa kwasa moja kali sana (kwasa ni kiini cha galaksi king'aacho kupita kiasi) pamoja na galaksi 117 za wakati ulimwengu una miaka kama milioni 900. Mwanga wa kwasa ulipokatiza karibu na galaksi, walikuta gesi imesafishwa hadi umbali wa miaka ya nuru kama milioni 2 kila upande. Mbali zaidi ya hapo, ukungu bado. Waliyakuta maduara yenyewe, kabla hayajamaliza kuungana. Niliposoma hayo nilitamani uwe karibu nikuamshe.

Wataalamu bado wanabishana kama kazi kubwa ilifanywa na galaksi ndogondogo zilizo nyingi au na zile kubwa chache. Mimi nazipa hizo ndogo. Ukija Desemba, uniambie wewe unazipa zipi, na kwa nini.

Mama yako