Kibao cha "Hairuhusiwi Kuogelea" kiseme na sababu

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua, maana hili jambo nimeshaliongea sana nyumbani na kwenye grupu la familia la wasap, sasa naona nilitoe nje. Gazeti lenu siku hizi limejaa matangazo ya utalii wa ndani, risoti za ziwani, njoo na familia, picha ya mtu kajilaza kwenye tairi katikati ya maji. Vizuri, watu watembee, maziwa tunayo. Ila swali ambalo kila mzazi analo akifika pale, hivi haya maji yanaogeleka au hayaogeleki, hakuna anayelijibu. Unakuta kibao tu kimeandikwa HAIRUHUSIWI KUOGELEA na chini yake UONGOZI, basi. Mimi nasema kibao cha hivyo hakimsaidii mtu. Kiseme kwanini.

Maana "hairuhusiwi" kila mtu anaielewa anavyotaka. Mmoja anadhani hawataki kelele za watoto, mwingine anasema mimi kuogelea najua kwahiyo hainihusu, mwingine anaona si tunaloweka miguu tu hapa pembeni, huko kuogelea kwenyewe kuko wapi. Andika KUNA MAMBA uone kama kuna atakayeloweka hata kidole.

Na hili sio la kubuni. Juni 2016 kule Florida, Marekani, kwenye hoteli ya Disney iliyoko ukingoni mwa ziwa la kuchimbwa linaloitwa Seven Seas Lagoon, mtoto wa miaka miwili alikuwa anacheza ukingoni usiku, maji ya kifundo cha mguu tu, akaja mamba wa kule wanaoitwa aligeta akamchukua mtoto, baba yake akiwa palepale. Baba aliruka kumng'ang'ania mwanae akashindwa. Mwili ulipatikana siku ya pili yake. Na vibao vilikuwepo jamani, vilisema hakuna kuogelea, lakini mamba havikumtaja, na mtoto yule hata kuogelea alikuwa haogelei. Baada ya msiba ndio wakaweka vibao vipya vinavyotaja mamba na nyoka, wakazuia na fukwe. Hoteli ya watu wenye pesa zao, kila kitu wanacho, na bado maneno mawili matatu kwenye ubao yalikosekana mpaka mtoto akafa.

Watu wakisikia hivyo wanasema aa hiyo Marekani. Haya, Ziwa Chala pale chini ya Kilimanjaro, mpakani sisi na Kenya, maji yake mazuri ukiyaona unatamani kujitosa na nguo. Mwaka 2002 binti wa Kiingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba mlemle, alikuwa anaogelea na wenzake. Maji kuwa mazuri machoni sio cheti.

Mimi kilichonichoma roho ni cha Mwanza. Tulienda kwenye harusi upande wa wifi yangu, tukafikia sehemu moja ya ziwani sitaitaja jina. Kibao kipo, kimeshika kutu, hairuhusiwi kuogelea, na hatua chache pembeni yake kuna kijana kapanga maboya na matairi anakodisha kwa saa! Nikamuuliza mhudumu sasa nishike lipi, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, kile cha wakaguzi tu, nyie ogeleeni, wageni wote wanaingia." Nikakataa watoto wasiingie, wakanuna, wifi naye akaniona nazidisha. Jioni akapita mzee mmoja mvuvi anavuta mtumbwi wake, nikamsalimu shikamoo baba, nikamuuliza yeye. Akasema, "Mwanangu, watoto wasisogee upande wa yale matete, na jua likishaanza kuzama asibaki mtu kwenye maji." Sikuhitaji kuuliza tena. Kwenye hayo matete nilienda kutazama mwenyewe kwa juujuu, mashina yamejaa konokono wadogo wa kahawia, wengine wakubwa kama punje ya mahindi, wamegandana. Yaani mzee ambaye hajaajiriwa na mtu anajua kila kitu, na hoteli inayochukua hela yangu haisemi kitu.

Hao konokono ndio nataka niwasemee kwa urefu maana mamba kila mtu anamuogopa, ila kichocho watu wanakichukulia poa. Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinazaliana humo, halafu vinatoka vingi sana hasa mchana jua likiwaka, saa hizohizo ambazo sisi ndio tunaogelea. Havingoji umeze maji kwa mdomo, hapana, vinapita kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache tu. Kujifuta haraka na taulo sio kinga ya kuaminika. Huku kwetu pwani ya Tanga tunajua zaidi kile cha mkojo, mtoto wa kiume anamaliza kukojoa na matone ya damu na wengine walikuwa wanaona ni kawaida ya kukua. Sio kawaida. Kikikaa miaka kinaharibu kibofu mpaka kansa, na wanawake kinawapata ukeni, mtu anazungushwa na dawa za magonjwa ya zinaa na kutiliwa shaka na mumewe kumbe ni maji aliyooga utotoni. Kile cha Kanda ya Ziwa kinakaa kwenye mishipa ya tumbo, kinakula ini, mtu anavimba tumbo na kutapika damu miaka mingi baada ya ile picniki ambayo ameshaisahau.

Dawa ipo, prazikwanteli, hiyohiyo wanayowapa watoto shuleni, wanasimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu halafu wanahesabiwa vidonge, vikubwa, vichungu, na lazima mtoto awe amekula. Lakini hapa watu wengi wanakosea, wanarudi safari leo kesho wanameza dawa wanaona yameisha. Dawa ile inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaponea. Kwahiyo kama uliingia ziwani subiri wiki sita mpaka nane hivi uende kituo cha afya, uwaambie wazi niliogelea ziwa fulani, wakupime choo na mkojo. Ukikaa kimya unaweza kupimwa malaria na taifodi mpaka uchoke.

Sasa sisi watu wa Tanga tuna tatizo letu. Tumekulia baharini, watoto wa Raskazone na Chumbageni wanajua kuogelea kabla hawajajua kusoma, bamvua tunaijua, maji yakijaa na kupwa tunajua, kusi ikivuma tunajua nani asitoke. Tukiona ziwa limetulia bila wimbi tunalidharau. Lakini chumvi inambeba mtu, maji baridi hayambebi vile, utachoka upesi kuliko ulivyozoea, na chini kuna tope na magugu na sehemu inayoshuka ghafla hujui iko wapi. Baharini kichocho hakuna wala mamba wa kukuvizia pale Raskazone huna, ndio maana hatujajifunza kuuliza. Na mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema, anashuka kimya huku wazazi wanapiga selfi meza ya pembeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 na karibu robo yao watoto chini ya miaka 5. Kwa hiyo hata ziwa lisilo na mamba wala konokono, kama hakuna mtu aliyeajiriwa kukaa kuangalia waogeleaji na laifjaketi za saizi ya watoto, kwangu mimi hilo haliogeleki na watoto, mwisho.

Kuna na amiba mmoja wa maji baridi yenye joto, anaingia puani maji yakipanda kwa nguvu, unapiga mbizi au unaruka, anapanda mpaka kwenye ubongo. Ni nadra sana sitaki kutisha watu, ila akishampata mtu wanaopona ni wa kuhesabu. Mwaka 1980 mtoto wa miaka 11 alikufa hivyo baada ya kuogelea kwenye bustani ya maji ya Disney hukohuko Florida iliyokuwa inatumia maji ya ziwa. Kuyanywa hakuleti ugonjwa huo, ni pua. Nalisema kwa sababu huyu mdudu anapenda hata chemchemi za maji moto na sisi tunayo ya Amboni watu wanaenda kuoga kwa ajili ya ngozi na viungo. Sijasema yumo, nasema kwenye maji moto ya asili popote kichwa kibaki juu na watoto wasizamishane. Hiyo haigharimu kitu.

Ninachokiomba ni kidogo. Wenye risoti waandike kwa Kiswahili kikubwa kinachosomeka: kuna mamba, kuna konokono wa kichocho, kina kinashuka ghafla, hakuna mlinzi wa waogeleaji, chochote kilichopo kwao wakitaje. Maafisa afya wa wilaya wakienda kukagua jiko na vyoo washuke na ukingoni waangalie matete. Waliozuia kuogelea wasikodishe matairi. Na nyie Mhariri mkipokea tangazo lenye picha ya watoto majini muulizeni mwenye nalo kama sehemu hiyo inaogeleka kweli, mchapishe jibu lake hapohapo chini ya picha.

Mimi siku hizi nikipiga simu kubuku chumba naanza na hayo kabla ya bei. Nani anakaa majini, saa ngapi mpaka saa ngapi, konokono waliangaliwa lini na nani, wavuvi wa hapo wanasemaje kuhusu mamba. Wapo wanaojibu vizuri kabisa, hao nawapelekea familia nzima. Akiniambia hamna shida mama nyie njooni tu, namuomba aniunganishe na meneja.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa watoto watatu, Chumbageni, Tanga.