Muuzaji wa Labrador atuonyeshe wazazi kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya hawa watoto wa mbwa wa Labrador wanaouzwa hapa Mombasa siku hizi kama njugu, maana jambo lenyewe linaniuma. Kila ukifungua simu kuna mtu ana "Labrador wa kazi", mtoto wa wiki 5, na ukimuuliza mamake yuko wapi anakwambia yuko bara, baba je, baba ni wa rafiki yangu, tuma pesa nikuletee na boda.

Rangi haimfanyi mbwa kuwa wa kazi, ukoo ndio unaomfanya. Asili ya Labrador ni Newfoundland kule Kanada, mababu zao walikuwa wakisaidia wavuvi kwenye maji baridi, Waingereza wakawachukua wakawalea wawe wa kuokota ndege waliopigwa risasi, na chama chao cha mbwa kikawatambua rasmi 1903. Baadaye wakagawanyika, kuna wa maonyesho, wazito wenye vifua vipana, na kuna wa kazi, wembamba, wepesi, hawatulii mpaka wapewe shughuli. Ukienda kupanda treni ya SGR pale Miritini mabegi yanapangwa mstari chini mbwa anapita ananusa moja moja, sasa mbwa wa kazi kama ile hapatikani kwa kubahatisha.

Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa EIC, yaani kuishiwa nguvu na kuanguka kwa sababu ya mazoezi. Mbwa anaonekana mzima kabisa, anakula, anacheza, lakini akikimbizwa kwa nguvu dakika 10 hivi miguu ya nyuma inaanza kuyumba. Nimemuona mmoja ufuoni Bamburi, mwenyewe alikuwa anamrushia mpira, mara nyuma kukalegea akawa anajiburura mchangani na miguu ya mbele, macho bado yako kwenye mpira anautaka, na yule bwana anasema ni jua tu atapoa. Wengine hufa hapo hapo. Jeni yake ilishajulikana tangu 2008 na kipimo ni damu kidogo ama ute wa ndani ya shavu. Dume na jike wakiwa wote ni wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja tu ya jeni hiyo mbovu, hawaumwi hata siku moja, ila kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata, kwa hivyo muuzaji anayesema "wazazi wako fiti, waangalie mwenyewe" hajakuambia kitu.

Nyonga na viwiko navyo vinataka eksirei, na macho yapimwe maana kuna upofu wa kurithi pia. Uingereza hawakubali kupima nyonga za mbwa ambaye hajatimiza mwaka 1, Marekani cheti kamili ni mpaka miezi 24. Hapa kwetu jike anapandishwa joto lake la kwanza, yeye mwenyewe bado mtoto, na joto linalofuata anapandishwa tena. Ni ukatili, na nasema hivyo nikijua kuna watu nitawaudhi.

Halafu mtoto wa wiki 5 asitolewe kwa mamake jamani. Angoje wiki 8, anajifunza kutouma kwa nguvu, anakunywa dawa ya minyoo tangu wiki ya 2, anapata chanjo ya kwanza ya parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, kisha zinarudiwa mpaka wiki ya 16. Na wiki ya 3 mpaka ya 12 hivi ndio wakati wa kumzoesha dunia, mbwa aliyefungiwa kwenye banda wakati huo mara nyingi anakua mwoga na mwoga hafai kazi. Wangu nawatembeza kwenye mabati, mchanga, makuti makavu, nagonga sufuria wakiwa wanakula, tuktuk zinapita nje wanazisikia, wanaona watu wa buibui na watu wa helmeti. Mazoezi ni alfajiri ama jioni, joto letu na lile koti lao zito havipatani, na kupe natoa kila siku kwa mkono. Chakula ni kwa kipimo hata akilia, maana 2016 watafiti wa Cambridge waligundua karibu robo ya Labrador wana hitilafu ya jeni inayowafanya wawe na njaa, na mtoto mnene anaharibika nyonga mapema.

Kwa ndugu zangu Waislamu wanaoniuliza mbona nafuga mbwa, Surat Al-Maida aya ya 4 inataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na hadithi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Wangu ni wa kazi na hawaingii ndani ya nyumba.

Ombi langu kwa idara ya mifugo ya kaunti ni kuwa anayeuza watoto wa mbwa aandikishwe na chanjo zao zionekane. Wale wasionunuliwa na wale wanaochokwa wanatupwa, wanakuwa mbwa koko bila chanjo, na nchi imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa cha mbwa. Mimi mnunuzi wangu anatia sahihi kwamba akishindwa, iwe mwaka wa kwanza ama wa saba, mbwa anarudishwa kwangu, na asiyetaka kusaini simuuzii.

Mfugaji wa mbwa,
Bamburi, Mombasa