Barua kwa wadogo zangu wa kamati za mitaala

Wadogo zangu,

Mwezi uliopita nilialikwa kusikiliza kikao cha kamati ya mitaala ya shahada za kwanza. Kozi 14 zilipitishwa kabla ya chai. Mjadala uliochukua muda mrefu kuliko yote ulikuwa wa misimbo ya kozi. Hakuna aliyeuliza mwanafunzi atapimwaje. Nilinyamaza kwa adabu ya mgeni, ila moyo haujatulia tangu siku hiyo.

Nilichukua muhtasari wa kozi moja iliyokuwa inahuishwa, nikaomba na mtihani wake wa mwaka uliotangulia. Muhtasari unasema mwanafunzi "ataweza kuchambua data na kutetea hitimisho lake." Mtihani unasema: taja, orodhesha, eleza kwa kifupi. Karatasi nzima haina hata jedwali moja la kuchambua!

Mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake walipanga ngazi 6 za kufikiri mwaka 1956, na kukumbuka tu kukawekwa chini kabisa. Sisi tunaazima vitenzi vya ngazi za juu ili muhtasari upite seneti ya chuo, halafu mtihani tunautungia chini. Mwaka 1996 John Biggs, mtaalamu wa ufundishaji wa vyuo vikuu, alisisitiza kwamba matokeo tarajiwa, ufundishaji na upimaji lazima viende njia moja. Mwanafunzi husoma kile anachojua kitatoka kwenye mtihani. Msimlaumu kwa kukariri ikiwa ninyi ndio mnaomlipa alama kwa kukariri.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nami nilipitisha kozi za namna hiyo. Nikiwa mwenyekiti, alinijia binti aliyekuwa amehitimu na A ya takwimu. Kazini alikuwa amekabidhiwa data siku ya kwanza. Akatandaza karatasi mezani kwangu, kidole kikatembea juu ya safu za namba, kikasimama. "Mwalimu, hapa mtu anaanzia wapi?" A ile tulimpa sisi. Nilimwangalia nikakosa jibu, na bado namkumbuka kila nikiona muhtasari wenye maneno mazuri.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Mkiongeza kozi, semeni ipi inaondoka. Kozi tangulizi, ile ya kusomwa kabla ya nyingine, iwe inahitajika kweli. Wasikilizeni wanaofundisha mwaka wa kwanza. Mtahini wa nje, yule wa chuo kingine anayekagua mitihani yetu, apewe muhtasari pamoja na mtihani. Na hesabuni saa za mwanafunzi: katika mfumo wa Ulaya wa krediti, yaani vipimo vya kazi ya mwanafunzi, mwaka mmoja ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, kusoma peke yake kukiwemo. Kila mhadhiri hudhani kozi yake ndiyo pekee aliyonayo kijana.

Jamii nayo ina lawama. Wazazi tunauliza shahada inaitwaje na italeta kazi gani, hatuulizi mtoto atafanya nini darasani. Ndiyo maana ni rahisi kubadili jina la programu kuliko kubadili kilichomo.

Wanangu, maana wengi wenu niliwafundisha, sijaandika kuwaaibisha. Najua mnafanya kazi hii usiku, baada ya vipindi na masahihisho, na hakuna anayepandishwa cheo kwa kusoma mihtasari vizuri. Muhtasari ule na mtihani wake nimeviweka kwenye bahasha moja, nimemkabidhi mwenyekiti wenu. Naomba kikao kijacho, kabla ya ajenda ya kwanza, visomwe vyote viwili kwa sauti.

Mwalimu wenu mstaafu