Barua ya malalamiko: mliniacha mikononi mwa mwongoza watalii mliyenipangia wenyewe

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Utalii na Safari.

YAH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU USALAMA WANGU KATIKA SAFARI YA MTU MMOJA ILIYOANDALIWA NA KAMPUNI YENU

Ndugu Meneja Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimejizuia kwa siku tisa kabla ya kuandika barua hii, kwa sababu nilitaka kuiandika kwa adabu, na nitajitahidi adabu hiyo isinitoke mpaka mwisho. Mkataba wangu mnao, ratiba mnayo, na sera ya wanawake wanaosafiri peke yao mmeitunga ninyi wenyewe, kwa hiyo sitawasomea maneno yenu. Nitaeleza mlichonitendea usiku wa tatu wa safari, kisha nitadai haki yangu.

Tulifika kwenye nyumba ya wageni saa tatu kasoro dakika kumi usiku, giza likiwa limetanda muda mrefu, ingawa ratiba inasema gari lisiwe barabarani baada ya jua kuzama. Nyumba yenyewe haikuwa ile iliyoandikwa kwenye vocha yangu. Mwongoza watalii wenu alitangulia mapokezi na pasipoti yangu, aliyoichukua asubuhi kwa maelezo kwamba ingehitajika kwenye kituo cha ukaguzi, na mimi nilipofika mezani nikamkuta ameshika ufunguo mmoja. Kilikuwa chumba kimoja, kimeandikishwa kwa jina lake. Nilipouliza changu kiko wapi, alisema nyumba imejaa, na kwamba nisiwe na shaka kwa kuwa vitanda ni viwili. Nikapiga namba yenu ya dharura. Iliita mara tatu bila kupokelewa. Mara ya nne ofisa wenu wa zamu alipokea, hakuniacha nimalize hata sentensi ya pili, akasema, "Mpe simu niongee naye." Nikampa. Wakazungumza, wakacheka. Simu iliporudi mkononi mwangu, ofisa wenu akaniambia, "Dada, ninyi ni watu wazima, elewaneni," akakata.

Naomba uisome tena kauli hiyo kabla ya kuendelea, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Wiki sita kabla ya kuondoka niliwaandikia barua pepe ndefu. Kazini kwangu mimi ndiye ninayepanga safari za wenzangu, na tunajiongoza kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 31030 cha mwaka 2021, kinachoelekeza kwamba hatari zipimwe kabla ya mtu kuondoka na kwamba hali ya msafiri mwenyewe, jinsia yake ikiwemo, izingatiwe katika kuchagua usafiri na malazi. Kwa hiyo sikuuliza kwa woga wala kwa kukosa la kufanya. Niliuliza kama mtu anayeijua kazi hii. Niliomba nitumiwe mapema jina, picha na namba ya leseni ya mwongoza watalii atakayenipokea. Niliomba kila chumba kihifadhiwe kwa jina langu na ufunguo nikabidhiwe mimi. Niliomba majina na simu za kila malazi ili nimwachie dada yangu nakala ya ratiba, na niliomba kila jioni mtu wa ofisini anipigie mimi, si mwongoza watalii, kuuliza kama nimefika salama. Mlijibu "Ndiyo, bila shaka" chini ya kila ombi, mkaongeza kwamba usalama wa wageni wanawake ndio kipaumbele chenu. Barua pepe hiyo ninayo.

Simu ya jioni haikupigwa hata mara moja.

Na picha mliyonitumia ilikuwa ya mtu mwingine. Siku ya kwanza nilisimama kwenye geti la kuwasili nikimtafuta mtu wa makamo mwenye miwani, akanijia kijana nisiyemjua, ameshika bango lenye jina langu, akasema yule mwingine amepata udhuru na yeye amechukua nafasi yake. Niliwapigia kuuliza, mkasema ni kweli, mlikuwa mbioni kunijulisha. Hamkunipa namba ya leseni yake wakati ule, na mpaka leo hamjanipa. Mwanamke ambaye ametua dakika ishirini zilizopita mahali asipojua mtu, na pesa zake zote zimekwisha kulipwa kwenu, ana uwezo gani wa kukataa gari lililo mbele yake? Mnajua kwamba hana, na ndiyo maana mabadiliko ya aina hiyo hutakiwa kutangazwa kabla ya msafiri kuondoka nyumbani kwake.

Ninalotaka mlielewe ni hili. Anayesafiri na kundi, kiongozi wa kundi akikosea, ana wenzake kumi wa kumsikia. Anayesafiri peke yake na mwongoza watalii binafsi hana mwingine: mtu huyo huyo mmoja ndiye dereva wake, mkalimani wake, mlipaji wa malazi yake, mjuzi wa barabara, na shahidi pekee wa lolote litakalotokea. Akiwa mwema, safari ni njema. Akigeuka, milango yote inafungwa kwa pamoja, kwa kuwa funguo zote anazo yeye. Ndiyo sababu ofisi ipo. Mtu wa pili katika safari ya mwanamke anayesafiri peke yake ni yule anayepokea simu ofisini, na mimi mtu wangu wa pili aliomba aongee na yuleyule niliyekuwa namshtaki.

Nairudia hiyo simu, kwa sababu sitaki iandikwe katika kumbukumbu zenu kuwa ni "kutoelewana kuhusu chumba". Nilikuwa nimesimama upande mmoja wa meza ya mapokezi, yeye upande wa pili, hatua mbili kutoka kwangu. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, ncha ya jalada imejitokeza, na wakati nikieleza shida yangu kwenye simu alikuwa akiigongagonga kwa vidole viwili, polepole, akinitazama. Ufunguo ulikuwa na kibao cha mti kilichoandikwa 6. Nyuma ya mhudumu wa mapokezi kulikuwa na ubao wa misumari, na kwenye misumari hiyo nilihesabu funguo nne zikining'inia. Nyumba iliyojaa haibakizi funguo nne ukutani saa tatu usiku. Nililisema hilo kwenye simu, nikalisema kwa sauti, ofisa wenu akanikatiza: "Mpe simu niongee naye." Nilisita. Akarudia kwa ukali kana kwamba namchelewesha kazini. Nikanyoosha mkono nikampa mtu ninayemwogopa kifaa pekee nilichokuwa nacho cha kuombea msaada, kwa amri ya kampuni niliyoilipa inilinde. Sikusikia ofisa wenu alisema nini, lakini nilisikia jibu la huku: "Ah, si unawajua," na kicheko. Mhudumu wa mapokezi akainamisha macho kwenye daftari lake. Kisha nikaambiwa kwamba sisi ni watu wazima. Kumbukumbu ya simu yangu inaonyesha mazungumzo yote, pamoja na kicheko chao, yalichukua sekunde 94.

Sekunde 94, Ndugu Meneja. Ofisa wenu hakuuliza niko wapi. Hakuuliza kama nina mahali pengine pa kwenda, wala kama nimeguswa, wala pasipoti yangu iko kwa nani. Kila mwenye zamu kwenye namba ya dharura anapaswa kuanza na maswali hayo, na aliyepiga anapaswa kuongeleshwa akiwa amejitenga, si mbele ya anayelalamikiwa.

Aliyeninusuru ni yule mhudumu wa mapokezi. Mwongoza watalii alipotoka kwenda kushusha mizigo, mama yule alininong'oneza kwamba vyumba vipo, ila aliyepiga simu mchana kuhifadhi nafasi alisema kimoja tu kinatosha. Aliandika namba ya chumba kwenye kipande cha karatasi badala ya kuitamka, akakisukuma chini ya kiganja changu pamoja na ufunguo, nami nikalipa kwa fedha yangu mwenyewe. Yeye hana sera ya kurasa nne wala kijitabu cha picha za kupendeza, lakini alijua kwamba namba ya chumba cha mwanamke aliye peke yake haisemwi mbele za watu. Kitasa cha chumba hicho kilikuwa hakifungi vizuri, nikaegemeza kiti mlangoni, nikalala na viatu miguuni, simu ikiwa na chaji asilimia 11. Karatasi yenu ya ratiba, niliyoifunua usiku ule kutafuta namba ya polisi wa eneo hilo, haikuwa na namba yoyote isipokuwa yenu.

Pasipoti nilirudishiwa asubuhi, tukiwa tayari ndani ya gari. Siku tatu zilizobaki nilisafiri na mtu huyohuyo, nimekaa kiti cha nyuma, kwa sababu mlinijibu kwa ujumbe kwamba hakuna mwingine wa kunipangia na kwamba nikikatisha safari sitarejeshewa chochote. Nieleze pia kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa ameniuliza mara mbili kama nina mume na kwa nini ameniruhusu, jambo nililolipuuza nikidhani ni maongezi ya barabarani, na ambalo ningewaambia ile jioni ya kwanza kama ile simu mliyoahidi ingepigwa.

Siku mbili baada ya mimi kurejea, mtu wa huduma kwa wateja alinipigia akanihakikishia kwamba mwongoza watalii huyo ni mzoefu na kwamba "hajawahi kulalamikiwa". Nataka nikueleze kwa nini hajawahi. Siku ya mwisho fomu yenu ya maoni aliileta yeye mwenyewe. Alinipa kalamu yake, akasimama begani kwangu, injini ya gari ikiwa imewashwa na saa ya kuondoka ikikaribia, akangoja nimpe alama ili aichukue aipeleke ofisini kwa mkono wake. Nilimpa alama za juu, kwa sababu nilitaka kufika mwisho wa safari. Ni wanawake wangapi wengine wamempa alama hizo huku moyo ukiwadunda, na ninyi mnazitumia alama hizo kumpangia mwanamke anayefuata?

Nyuma ya kijitabu chenu mmeandika kwamba mnazingatia Kanuni za Maadili ya Utalii Duniani, zilizopitishwa na Shirika la Utalii Duniani huko Santiago, Chile, mwaka 1999. Kifungu cha 6 cha kanuni hizo kinawataka watoa huduma wampe msafiri taarifa za kweli kuhusu safari yake, na wajali ulinzi na usalama wa wanaotafuta huduma zao. Mlinipa picha ya mtu asiyekuja, vocha ya nyumba nisiyolala, na namba ya dharura isiyosaidia. Ama mfuate mlichoandika, ama mkifute.

Sasa nadai yafuatayo. Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai tu gharama ya chumba nilichojilipia na usiku wa tatu, pamoja na maelezo. Nikiisoma barua hii naona huko ni kujidhulumu. Nadai nirejeshewe malipo yote ya safari, maana nilinunua safari yenye ulinzi na ulinzi huo haukuwapo. Nadai barua ya kuniomba radhi iliyosainiwa na wewe mwenyewe, si na huduma kwa wateja, ikitaja simu ile na maneno yaliyosemwa. Nadai mwongoza watalii huyo asipangiwe mwanamke yeyote anayesafiri peke yake mpaka uchunguzi ukamilike na nijulishwe matokeo yake kwa maandishi, na ofisa wa zamu aondolewe kwenye namba ya dharura leo, si mwisho wa mwezi. Fomu ya maoni itumwe moja kwa moja kwa mgeni baada ya kurudi kwake, na isipite tena mkononi mwa anayetathminiwa. Nataka pia kujua nani aliyepiga simu mchana ule akasema chumba kimoja kinatosha, na kama nyumba ilibadilishwa kwa ajili ya kamisheni, nani aliipokea.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nawapa siku 14. Nimeifuta. Nawapa siku saba tangu tarehe mtakayopokea barua hii, kwa kuwa kwa mujibu wa tovuti yenu mtu huyo ana safari nyingine wiki ijayo, na sijui ni nani amemkabidhi pasipoti yake. Siku hizo zikipita bila jibu lenye saini yako, nitawasilisha pingamizi la malipo kwa benki iliyonipa kadi, nitapeleka malalamiko kwa mamlaka iliyowapa leseni ya uwakala pamoja na picha niliyoipiga ya ule ubao wa funguo, na nitaripoti polisi suala la kushikiliwa pasipoti yangu bila ridhaa. Wakili wangu amekwisha kupata nakala ya barua hii, ya vocha, ya barua pepe yenu na ya kumbukumbu ya simu. Msimtume mtu anipigie kunibembeleza, wala msinipe punguzo la safari nyingine. Nijibuni kwa maandishi.

Wenu katika kudai haki,

Mteja wenu wa chumba kisichohifadhiwa