Daktari Gillies naye apewe ukurasa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapokea nyingi lakini hili limenikaa moyoni mda mrefu. Kila nikikutana na habari ya upasuaji wa plastiki gazetini basi ni staa fulani kaongeza makalio, mwingine kachonga pua, na watu wanamtukana wee mpaka basi. Mi sina neno na mastaa, mwili ni wao. Ila nina mdogo wangu aliyemwagikiwa maji ya moto akiwa na miaka minne, kovu likavuta kidevu kikashikana na shingo, akawa hawezi kuinua kichwa, akila chakula kinadondoka, na aliyemsaidia ni daktari wa kazi hiyohiyo. Alilikata lile kovu, akachukua ngozi ya paja akaipandikiza shingoni, na mtoto alivyozidi kukua akarudia tena na tena. Siku moja nikamuuliza, dokta haya mambo nani aliyaanzisha, akasema ni ya zamani sana lakini nikitaka kuelewa nianze na Gillies. Nikaenda kusoma.

Harold Gillies alizaliwa mwaka 1882 Dunedin, New Zealand, akaenda Uingereza kusoma Cambridge, alikuwa mpiga makasia hodari na gofu anaijua vilevile, halafu akawa daktari wa masikio, pua na koo London. Mpaka hapo ni maisha ya daktari yeyote aliyejaliwa. Kilichombadilisha ni vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1915 alienda Ufaransa na Msalaba Mwekundu, akapangiwa kumsimamia daktari wa meno mmoja anaitwa Valadier ambaye alikuwa anajaribu kuunga taya zilizovunjwa na risasi kwa kutumia mifupa, lakini sheria haikumruhusu kupasua peke yake. Baadaye akafika Paris akamwona mpasuaji mmoja anaitwa Morestin anatoa uvimbe wa saratani usoni kwa mgonjwa na kuziba lile shimo kwa ngozi ya mgonjwa huyohuyo ya karibu na hapo, aliyoizungusha. Nadhani pale ndo moyo wake ulipotekwa.

Kuna kitu inabidi tukielewe kuhusu ile vita. Watu walipigana wakiwa kwenye mahandaki, mwili wote umefichwa ardhini, kinachochungulia juu ni kichwa, na vyuma vya mabomu vinapita hewani muda wote. Kwahiyo walioumia usoni walikuwa wengi kuliko vita yoyote iliyotangulia, mtu anaishi lakini hana pua, hana taya la chini, mate yanatiririka hawezi kuyameza. Na madaktari wa mbele kule kwa haraka walikuwa wanavuta kingo za kidonda wanazishona pamoja juu ya sehemu ambayo nyama yake haipo tena, kidonda kinapona ndio, lakini kovu likikauka linavuta mdomo unaenda upande, jicho halifungi. Mimi nimeliona hilo kovu linavyovuta, nimelala nalo nyumba moja, kwahiyo niliposoma hapo nilielewa kila neno.

Gillies alichofanya ni kufungua upya. Anaachia kila kitu kilichovutwa kirudi mahali pake pa asili, hata kama tundu litakuwa kubwa la kutisha, halafu ndo anahesabu nini kimepotea: kwanza ngozi ya ndani ya mdomo au pua, kisha kitu cha kushikilia kama mfupa au gegedu, na ngozi ya nje inakuja mwisho.

Akaliomba jeshi wodi, akapewa hospitali ya Aldershot mwaka 1916, na hapa kuna jambo dogo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Alienda dukani akanunua lebo kwa pesa yake mwenyewe, akaziandika jina na anwani yake, zikapelekwa Ufaransa ili majeruhi wa uso wafungwe lebo kama mizigo na waletwe kwake moja kwa moja. Hebu fikiria daktari anaandika anwani yake mamia ya mara kwasababu anaogopa watu wake watapotelea njiani. Na kweli walikuja, baada ya mapigano ya Somme kule Ufaransa alikuwa amejiandaa kwa majeruhi 200 wakafika kama 2,000. Ndo ikabidi ifunguliwe hospitali nzima ya kazi hiyo, Sidcup karibu na London, mwaka 1917. Pale walihudumiwa zaidi ya watu 5,000 kwa oparesheni zaidi ya 11,000, ukigawanya utaona mtu mmoja anaingia chumba cha upasuaji mara mbili tatu na wengine mara nyingi kuliko hapo.

Oktoba 1917 alikuwa anamtibu baharia aitwaye Vicarage aliyeungua uso kwenye mapigano ya meli za kivita yaliyoitwa Jutland, kope zimegeuka nje, mdomo haufungi. Gillies akakata kipande kirefu cha ngozi ya kifua akakiacha kimeshikilia kwa chini ili damu iendelee kupita, na wakati anakiinua kukipeleka usoni akaona kingo zinajikunja zenyewe kwa ndani. Akawaza, kwanini nisizishone hivyohivyo? Akazishona, ikatoka bomba la ngozi kama mpira wa maji, nyama yote ya ndani imefichwa, wadudu hawaingii kirahisi na damu inapita vizuri. Tukumbuke antibayotiki za kisasa zilikuwa bado, kidonda kikioza ndo basi. Lile bomba likishashika sehemu mpya wanasubiri wiki kadhaa, ndo unakatwa mwisho wa pili, na hivyo ngozi inaweza kuhamishwa kidogokidogo kutoka tumboni hadi mkononi na kutoka mkononi hadi usoni. Mgonjwa anatembea na bomba linaning'inia kati ya bega na shavu lake wiki hadi wiki. Kule Odessa, mji wa Ukraine ya leo, kulikuwa na daktari anaitwa Filatov ambaye naye alifikia wazo hilohilo karibu wakati mmoja na hawajuani, lakini aliyelieneza ni Gillies.

Hakuwa malaika na sitaki mtu anisome hivyo. Kuna rubani kijana, Lumley, aliungua uso mzima, Gillies akajaribu kumwekea ngozi ya uso wote kwa mara moja, ikaoza, kijana akafariki mwaka 1918. Baada ya hapo alisisitiza kwenda polepole, hatua kwa hatua, na kama jambo linaweza kusubiri kesho lisubiri. Mimi nilikuwa namlaumu dokta wa mdogo wangu kwanini anatuambia turudi baada ya miezi sita, kila mara miezi sita, nikadhani anatuzungusha. Sasa najua alikuwa anasubiri ngozi ilainike.

Hakufanya peke yake pia. Alikuwa na daktari wa meno Kelsey Fry wa kujenga taya, alikuwa na mchoraji Henry Tonks ambaye kabla ya sanaa alikuwa mpasuaji, kazi yake kuchora kila uso kabla na baada. Na mambo ya nusu kaputi, yule mgonjwa utamfunika vipi uso kwa barakoa ya dawa wakati uso wenyewe ndo unapasuliwa? Madaktari wake wa nusu kaputi, Magill na Rowbotham, wakaendeleza njia ya kupitisha mrija hadi kwenye koromeo, na leo wengi wanaolazwa kwa oparesheni kubwa wanapitishiwa mrija wa namna hiyo.

Wodini vioo vilipigwa marufuku. Nje kwenye barabara ya kwenda mjini kuliwekwa mabenchi yaliyopakwa rangi ya bluu, ili wenyeji wajue anayekaa pale ni mgonjwa mwenye uso ulioharibika na wasishtuke. Hayo mabenchi yananiumiza mpaka leo, kwasababu mdogo wangu darasani alikuwa anakaa nyuma kabisa na hakuna aliyempangia, alipachagua mwenyewe.

Vita viliisha lakini kazi haikuisha, mwaka 1920 alitoa kitabu chake cha upasuaji wa uso chenye picha za wagonjwa hatua kwa hatua, 1930 akapewa cheo cha Sir, na vita vya pili vilipoanza Uingereza nzima ilikuwa na wapasuaji wanne tu waliokuwa wanafanya kazi hiyo pekee. Mmoja wao ni Archibald McIndoe, ndugu yake wa mbali ambaye Gillies alimshika mkono alipofika London bila kazi, na huyu ndo akaja kuwatibu marubani walioungua. Sasa wasomaji wangapi wanajua kwamba McIndoe huyo, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, wote wapasuaji wa plastiki, ndo walianzisha madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki mwaka 1957, hao tunaowaita Amref? Mimi sikujua. Ndege tunaziona kila siku zinapita na tulikuwa hatujui zimetoka kwenye wodi zipi.

Gillies mwenyewe alipata kiharusi Agosti 1960 akiwa anampasua mguu binti wa miaka 18, ana miaka 78 na bado yuko kazini, akafariki mwezi uliofuata.

Ombi langu Mhariri ni moja. Mna ukurasa wa afya, waiteni madaktari wetu wa upasuaji wa plastiki, wapo, waelezeni wasomaji kwamba mtoto aliyeungua akashikana shingo au vidole, au aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, anaweza kutibiwa, na asifichwe ndani. Mama yetu alimficha mdogo wangu karibu miaka miwili kwasababu hakuna aliyemwambia, siku tunampeleka alikuwa amemfunika kitenge kichwa kizima, na dokta kabla hajagusa kitu alipiga magoti chini ili aweze kumwangalia machoni.

Msomaji wenu wa siku nyingi